Upepo Uitwao Ai

Kwetu Kanase, kijiji cha pwani ya Japani, mtu alikuwa na mahali pamoja tu pa kulitaja jina lake mwenyewe kwa sauti, watu wakanyamaza kumsikiliza: ukumbi wa hekalu, siku ya kikao cha mashairi. Kwingine kote jina lako lilikaa midomoni mwa wenzako, na huko walilifanyia walivyotaka.

Tsuyuno Minobe alilijua hilo vizuri, kwa sababu kwingine kote jina lake halikutajwa kabisa. Alikuwa mjane wa Genkichi. Alikuwa mama wa vibua wakavu. Alikuwa "yule wa chanja za chini," na watoto wakipita walimwamkia "mama samaki," wala hawakuwa na nia mbaya, ndivyo walivyosikia nyumbani. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na mikono iliyopasukapasuka kwa maji ya chumvi, na mara ya mwisho kulisikia jina lake likitamkwa lote ilikuwa posta, na karani akalikosea.

Basi miaka mitatu nyuma alinunua kalamu ya brashi akajiunga na kikao. Utaratibu ulikuwa rahisi. Unaandika shairi lako la mistari mitatu kwenye kikaratasi chembamba, jina huandiki. Vikaratasi vinachanganywa na kugawiwa upya, kila mtu ananakili vya wenzake, ili mwandiko usimfichue mtu. Karatasi zinazungushwa, kila mmoja anachagua ya wengine anayoyapenda. Lako huruhusiwi kulichagua wala kulitetea. Mwisho Mwalimu Kuwabara anayapima. Akilipokea shairi lako, linasomwa mara mbili, kisha unavuta pumzi na kulitaja jina lako. Akilikataa, linawekwa kando kimyakimya na mwenyewe hatajwi. Walisema ni kumsitiri mtu. Tsuyuno alikuwa amesitiriwa miaka mitatu mizima mpaka akachoka.

Asubuhi ile ya Julai, mwaka mmoja kabla ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, alipanda ngazi za hekalu akiwa ameshaapa moyoni. Kikao cha leo ndicho cha kuchagua shairi la kuandikwa kwenye taa kubwa ya bandarini, ile inayowashwa usiku wa sherehe kijiji kizima kikaisoma. Taa hakuthubutu hata kuiota. Alitaka jina tu. Leo shairi lake likiwekwa kando tena, kalamu anamgawia mtu, na hapandi tena ngazi zile mpaka siku ya kubebwa.

Nyuma yake, chini kabisa karibu na maji, aliacha vibua mia nne wakining'inia kwenye chanja za kuanikia.

Ukumbini kulikuwa na joto la kukata pumzi. Milango ya upande wa bahari ilikuwa wazi yote, na hata jani halikutikisika. Ule upepo wa alfajiri, dashi, unaoshuka milimani na kusukuma kila kitu kwenda nje, ulikuwa umeshakufa. Ghuba ilikuwa imelala, na safu ya milima ya Tateyama ng'ambo ilionekana majini yote, juu chini. Ukimhesabu na yeye, watu kumi na wanne walikaa mikekani wakijipepea kwa mapepeo ya karatasi na kunywa chai baridi ya shayiri.

"Karibu, mwenzangu," alisema Yaeko, mwenye nyumba ya wageni, akivuta sketi yake kando kidogo. "Kaa hapa mlangoni, upate hewa."

"Nipate hewa au mpate nyie?" alisema Tsuyuno akikaa.

Yaeko akacheka. Hakuwa mtu wa roho mbaya yule, ila alikuwa na ulimi, na shairi lake lilikaa kwenye taa mwaka juzi na mwaka jana, kwa hiyo kichwa nacho kilikuwa kimeota pembe kidogo. La mwaka huu wote waliligundua hata kabla halijatajwa:

*Upepo mwema*
*wachezea mwavuli*
*pwani ya kwetu*

Ungedhani ni tangazo la vyumba. Lakini lilipata watu watano, na Mwalimu akalipokea, akisema lina utulivu. "Yaeko," akasema Yaeko, kwa sauti ya mtu aliyezoea, na Teizo kinyozi, ambaye ndiye aliyekuwa mwandishi wa kikao, akaandika.

Mashairi yakaendelea kupita. La tikiti maji, likapokelewa. La kaburi la mama, likapokelewa, na mwenyewe akalitaja jina lake. La treni, kando. Tsuyuno alihesabu moyoni kila lililobaki. Halafu Mwalimu akavuta karatasi nyingine, akalisoma bila haraka:

*Ai yafika —*
*vibua wageuka,*
*bahari bado*

"Nani amelichagua hili?"

"Mimi," alisema Teizo. "Peke yangu, naona."

"Kwa nini?"

Teizo akajikuna kidevu. "Sijui nisemeje, Mwalimu. Nilihisi tu kama nipo pale."

Mwalimu Kuwabara aliiweka karatasi chini. Alikuwa mkuu wa shule mstaafu, mtu mwembamba mwenye miwani mizito, mzaliwa wa bonde moja ndani kabisa milimani, na alikuwa ameandika kitabu kinene cha majina ya pepo na majira ambacho kila mtu ukumbini alikuwa nacho. Hakuwa mtu wa kuonea watu, na hapo ndipo palipoudhi: ukikataliwa na mwonevu unaweza kumtukana ukirudi nyumbani, ila Mwalimu alikuwa anakuonyesha kosa lako taratibu mpaka unabaki huna pa kushika.

"Tuliangalie vizuri," alisema. "Ai ni neno zuri sana. La zamani, la pwani yetu hii, na mtunzi ametumia upepo badala ya kuupamba. Hilo nampa. Lakini ai inatoka baharini. Sivyo? Sasa upepo unaotoka baharini utawafikiaje samaki wa nchi kavu huku bahari 'bado'? Ni sawa na kuniambia mgeni amekaa sebuleni, mlangoni hajafika. Mtunzi ameona maneno yanapendeza, akasahau kuutazama upepo wenyewe."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Tsuyuno alihisi damu yote imempanda usoni. Kusahau kuutazama. Yeye. Miaka thelathini na moja kila kiangazi amesimama kwenye chanja zile akiusubiri upepo huo kwa shavu, maana ukichelewa samaki wanachacha na ukija mapema ngozi inakauka nyama mbichi ndani. Leo anaambiwa amesahau kuutazama, na mtu anayeutazama kwa miwani, kwenye kitabu. Alitaka kusema. Hairuhusiwi. Akameza chai yote iliyobaki kwa mkupuo.

Mwalimu alikuwa ameshanyoosha mkono kuliweka shairi kando pale Yaeko aliposema, "Mwalimu, mbona tunahangaika na tuna fundi wa samaki hapa? Mwenzangu, wewe ndiye unayeanika. Mbona hukulichagua?"

Kumi na watatu waligeuka kumtazama.

Hapo sasa. Hakulichagua kwa sababu ni lake, na hilo halisemeki. Angeweza kucheka tu akasema, aa, mimi niliona ni kosa, na mambo yangeishia hapo. Hata midomo ilikuwa imeshafunguka kusema hivyo. Angekuwa salama, shairi lingewekwa kando, na upepo wake ungebaki uongo mbele ya watu wale wote. Akajikuta hawezi, na hakujua hasira ile aliitoa wapi.

"Sikulichagua kwa sababu mstari wa mwisho umeharakishwa," alisema. "Unakatika ghafla, kama mtu aliyekuwa na kazi nyingine. Lakini upepo hauna kosa."

"Hauna kosa?" aliuliza Mwalimu.

"Hauna, Mwalimu. Aliyeandika hivi ameona. Kilichokosea ni kitabu."

Mapepeo yote yakasimama. Teizo alikuwa akichovya brashi kwenye wino, akaiacha humo humo. Katika miaka yote ya kikao kile hakuna aliyewahi kusema kitabu kimekosea, na aliyekiandika kitabu amekaa hatua mbili mbele yake.

Mwalimu hakupandisha sauti. "Ni neno zito hilo, Bi Minobe. Utanionyeshaje?"

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa nne kasorobo," alisema Teizo.

"Chanja zangu zile pale chini, zinaonekana. Leo kumetulia sawasawa na jua limeshika. Saa nne itakuja. Tukae hapa kibarazani tuitazame."

"Na isipokuja?" aliuliza Yaeko.

"Isipokuja, mwavuli wako tutauchezea kwa mikono."

Mtu nyuma akacheka akajifanya anakohoa. Mwalimu akasimama, akajinyoosha magoti, akatoka kibarazani, na wengine wote wakamfuata na vikombe vyao. Wakakaa wakijipanga ukingoni. Chini yao mapaa ya vigae yalishuka hadi ufukweni, na pale mwisho chanja za mianzi, safu nne, vibua wamening'inizwa kwa nyuzi, kila mmoja ametazama anakotaka. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wamechuchumaa kwenye chanja zao wakigeuza dagaa.

Saa nne ikafika. Hapakutokea kitu.

"Kwa kuwa tunasubiri," alisema Mwalimu kwa upole, "hebu niambie. Wewe unaposema ai unasema nini? Maana upepo wa ufukweni ni upepo wa ufukweni."

"Siyo, Mwalimu, samahani." Tsuyuno aliongea akitazama samaki, kwa sababu akimtazama mtu angeogopa. "Upepo wa ufukweni ni wowote ule unaopita pale, hata wa kukuharibia nywele. Unaopita zake huo. Kuna ule mwingine wenye chumvi, ukivaa nguo nyeusi unaiona mabegani, huo mimi siuanikii, unarudisha unyevu. Ai ni ule unaoleta. Meli za zamani uliziingiza bandarini, wazee wetu waliuombea. Unaleta magogo, unaleta mwani, unaleta hata hamu ya kula baada ya joto kama hili. Lakini hauji tu. Kuna saa kila kitu kimekaa, kama sasa, mpaka unasikia masikio yanavuma. Nchi inapata joto, inapata joto, mawe yale ya ufukweni huwezi kuyakanyaga. Ndipo nchi inauita. Na unaanzia hapo hapo unapoitwa, miguuni mwako. Mama mkwe wangu hakusema ai imevuma. Alisema ai imeitika."

"Imeitika," alirudia Mwalimu, chinichini.

"Ndiyo."

Robo saa ikapita juu ya saa nne. Jasho lilimtiririka Tsuyuno mgongoni mpaka kiunoni. Juma lililopita, siku mbili, ai ilichelewa hadi karibu adhuhuri, na siku moja haikuja kabisa. Hilo hakulisema. Alianza kuwaza atashukaje ngazi zile mbele ya watu hawa, na jinsi Yaeko atakavyowasimulia wageni wake wote msimu mzima.

"Labda imepitia njia ya nyuma," alisema Yaeko.

"Bi Yaeko," alisema Mwalimu, bila kugeuza kichwa, "nyamaza kidogo."

Kilichofuata kilikuwa kidogo mno, mtu asiyejua asingekiona. Kwenye safu ya chini kabisa, kibua mmoja wa pembeni aligeuka. Akarudi. Akageuka tena, na aliye jirani yake naye, na wa tatu, halafu safu nzima ikageuka pamoja, vichwa vikaelekea baharini na mikia milimani. Safu ya pili ikafuata. Ya tatu, ya nne. Samaki mia nne wakawa wametazama upande mmoja kama darasa mwalimu anapoingia.

Na bahari ilikuwa imelala. Tateyama yote ilikuwa bado imo majini, hakuna hata mkunjo.

Mwalimu Kuwabara alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kimono, akaivaa tena, akainama mbele mpaka Teizo akamshika kiuno asije akaporomoka. Alikuwa akihesabu sekunde kwa midomo. Tsuyuno naye alihesabu. Walipofika themanini na kitu, maji yakaanza kukunjamana, na yalianzia pale pale yanapogusa mchanga. Ule mkunjo ukatoka ufukweni ukaenda nje, ukaendelea kwenda, ukaifuta milima kutoka chini kwenda juu, mpaka ghuba yote ikageuka rangi. Ndipo ai ikapanda mapaa na kuwafikia wao kibarazani. Ikawapiga usoni, baridi, safi, na watu wazima kumi na watatu wakafumba macho kwa raha.

Tsuyuno hakufumba. Alikuwa akilia na hakujali nani anaona.

"Miaka thelathini," alisema Mwalimu, "nimeandika kwamba unatoka baharini."

"Unatoka baharini, Mwalimu. Ila unaanzia kwetu."

Mzee yule akamgeukia. Kisha akafanya jambo ambalo watu wa Kanase tunalisimulia mpaka leo: akamwinamia, pale pale kibarazani, viganja chini na paji la uso karibu na mbao, mkuu wa shule kwa mwanika samaki. "Nimefundishwa," alisema. Akainuka, akarudi ndani, akakaa mahali pake, na wote wakarudi mbiombio kama watoto waliosikia kengele.

Akaichukua ile karatasi. Alikuwa ameshajua, bila shaka, hata mbumbumbu angekuwa ameshajua, lakini utaratibu ni utaratibu na yeye hakuwa mtu wa kuuvunja.

"Shairi hili nimelipokea," alisema. "Na ndilo la taa."

Akalisoma mara ya kwanza. Upepo ulikuwa ukizungusha pembe za karatasi zote mikekani na watu wakazikandamiza kwa vikombe. Akalisoma mara ya pili, akiliacha lile neno la mwisho likae hewani.

"Mwenyewe?"

Ukumbi ukanyamaza. Ule ukimya Tsuyuno alikuwa ameusikia miaka mitatu ukitolewa kwa wengine. Sasa ulikuwa wake wote, na ulikuwa mkubwa kuliko alivyodhani. Alivuta pumzi. Akavuta nyingine.

"Tsuyuno," alisema.

Yaeko akapiga paja kwa kiganja. "Ala. Kumbe ulikuwa unajikosoa mwenyewe, bibi wewe. Mstari umeharakishwa, sijui nini, na sisi tumekaa tunakusikiliza."

"Umeharakishwa kweli," alisema Tsuyuno. "Nilikuwa na samaki juani."

Kicheko kilichopasuka pale kilimtoa hata mtawa jikoni kuja kuchungulia. Mwalimu alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. Yaeko alicheka kuliko wote, kisha akamsogelea, akamshika ule mkono uliopasuka kwa mikono yake miwili. "Taa ni yako, dada," alisema. "Umenipiga. Na mwakani nakusubiri." Safari hii hakuvuta sketi kando.

Teizo ndiye aliyebaki na brashi juu ya daftari. Alikuwa rafiki wa Genkichi tangu utotoni, na masikio yake, kama ya vinyozi wote, yalisikia mambo ya nyumba tatu kwa mpigo.

"Shemeji," alisema, "hebu rudia. Sijasikia vizuri."

Kila mtu alijua amesikia. Tsuyuno alimtazama, akamwona anavyojikaza asitabasamu. Akasimama. Katika kikao chetu watu hawasimami, jina linatajwa umekaa, lakini yeye alisimama wima kwenye mlango wa upande wa bahari, ai ikimjaza mikono ya kimono, akalitaja lote, la ukoo na lake, kwa nguvu zote za kifua alizokuwa nazo.

Kule chini, wale wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa wakainua vichwa kutazama ni nani huyo.